Hitaji au Sharti? Uhakiki wa Kigezo cha Wavuti katika Programu za Kuandaa Nyaraka za Ofisi, Nsambya

Miongoni mwa vigezo vinavyowekwa wakati ofisi inapotafuta programu ya kuandaa nyaraka, kimoja hupita bila kuulizwa: kwamba programu itumike kupitia wavuti. Makala haya yanakihoji kigezo hicho kwa kuzitazama ofisi za Nsambya, mtaa wa Kampala wenye hospitali iliyoanzishwa mwaka 1903, kambi ya polisi, na makarani wanaochapa barua na vyeti kila siku.

Tatizo linaanzia kwenye istilahi. Hitaji hutaja kazi ambayo lazima ifanyike. Sharti huweza kutaja njia tu. Karani anahitaji kiolezo kilichoidhinishwa, kijazwe jina, tarehe na namba ya jalada. Wavuti ni njia. Tena neno lenyewe lina utata, kwani programu inayofunguliwa kwa kivinjari yaweza kuwa na seva katika chumba cha pili au ng'ambo ya bahari. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kote Uganda, ikarejeshwa tarehe 18. Ofisi yenye seva yake ingeweza kuendelea kuchapa barua. Iliyokodi seva ya mbali isingeweza hata kukifungua kiolezo chake.

Watetezi wa wavuti husema kwamba kiolezo kikirekebishwa mahali pamoja, wote hupata nakala mpya. Ni kweli, ila seva ya ndani nayo hulitimiza hilo kwa ofisi za jengo moja.

Jambo zito zaidi ni lugha, ambayo kigezo cha wavuti hakiigusi kabisa. Kiolezo kilichobuniwa kwa Kiingereza huacha pengo la nomino na kukiacha kitenzi kilivyo. Katika Kiswahili, barua "imepokelewa", cheti "kimepokelewa", maombi "yamepokelewa". Luganda nayo ina ngeli zake. Programu isiyomudu upatanisho wa kisarufi humrudishia karani kazi ileile ya kusahihisha kwa mkono, na hapo swali la kivinjari halina maana tena. Tangu marekebisho ya mwaka 2005, Katiba ya Uganda inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Kigezo cha upatanisho kilistahili kutangulia. Kukipima si kazi kubwa: zinatosha nomino tatu za ngeli tofauti, na kompyuta moja iliyokatwa intaneti.