Zimwi Likujualo: Maoni juu ya Picha Tatu za Kutisha

Picha za sinema za kutisha hazina heshima kubwa mbele ya watu wenye elimu. Huhesabiwa kuwa burudani ya vijana wasio na kazi, na aghalabu hesabu hiyo ni ya haki, maana nyingi zimetengenezwa kwa haraka, damu humwagwa bila kipimo, na mtazamaji hutoka bila kuongezewa kitu ila usingizi mbaya. Walakini katika ukoo huu usio na sifa huzaliwa mara moja moja mtoto wa ajabu: picha ambayo ilipotoka ilidharauliwa au haikutazamwa, kisha ikapata kundi dogo la wapenzi walioirudia mwaka hata mwaka mpaka ikawa na jina.

Katika majuma machache yaliyopita nimetazama picha tatu za namna hii. Mbili ni za Marekani, nazo ni Carnival of Souls ya mwaka 1962 na Night of the Living Dead ya mwaka 1968. Ya tatu ni ya Uingereza, The Wicker Man ya mwaka 1973. Napenda kukupa maoni yangu juu yake, msomaji, ili siku utakapozitazama uwe na mtu wa kubishana naye. Nitataja mwisho wa mbili kati ya hizo, kwa sababu hukumu yangu imesimama pale. Asiyependa kuambiwa mwisho kabla ya mwanzo na afunge kitabu hapa, akatazame kwanza, kisha arudi.

Carnival of Souls ndiyo picha maskini kuliko zote. Aliyeiongoza, Bwana Herk Harvey, alikuwa mfanyakazi wa kampuni moja ya Lawrence, katika jimbo la Kansas, iliyotengeneza picha za kufundishia shuleni na viwandani. Siku moja alipita Utah, akaona jumba la starehe la Saltair limeachwa tupu kando ya ziwa kubwa la chumvi, nalo likamshika moyo. Akaomba likizo, akakusanya fedha kidogo, akaipiga picha yake kwa majuma matatu, na yule mzuka mwenye uso mweupe akaucheza mwenyewe. Hakutengeneza tena mchezo mrefu mwingine maishani mwake.

Umaskini huo unaonekana. Wachezaji wadogo husema maneno yao kama watoto waliokariri, na pengine sauti haiafikiani na midomo. Lakini kuna mahali ambapo kasoro zote husahaulika. Mary, mpiga kinanda wa kanisani, ameokoka katika ajali ya motokaa iliyotumbukia mtoni. Anaingia katika duka la nguo, anajaribu gauni, na anapotoka chumbani sauti zote za dunia zimezimika. Anasema na mwuzaji, mwuzaji hageuki. Anawakimbilia watu njiani. Wanampita kama upepo. Hapana damu hapo, wala kisu, wala mzuka. Pana mwanamke mmoja mchana kweupe, katikati ya mji, na hapana anayemwona. Kisha anaushika mti bustanini, na sauti ya ndege inarudi. Katika picha zote tatu sikuona tendo dogo kuliko hilo lililotisha zaidi. Mwisho wa picha hii siusemi.

The Wicker Man ina fedha zaidi na wachezaji mashuhuri, akiwemo Bwana Christopher Lee. Askari polisi, Mkristo mshika dini, anakwenda katika kisiwa cha Uskoti kumtafuta msichana aliyepotea, akawakuta wenyeji wanaabudu miungu ya kale. Kila anayemwuliza anakana kwamba msichana huyo yuko, hata mama yake. Habari ni ya mwezi wa Mei, ilhali picha ilipigwa wakati wa baridi, hata wachezaji wakalazimika kufyonza barafu ili mvuke wa pumzi usionekane. Sifa yake kubwa ni adabu ya wale wenyeji. Hawamchukii askari hata kidogo; humkaribisha, humwimbia, na mwisho humfungia ndani ya sanamu kubwa ya matete na kumchoma moto, kwa sababu mavuno yao yameharibika. Anawaita kwa jina la Mungu wake nao wanaendelea kuimba. Yeye naye, tangu aliposhuka katika ndege, hakuona watu bali makafiri. Katikati, kwa maoni yangu, picha hii ni ndefu kupita haja yake, na ina mambo ya utu uzima yasiyowafaa watoto. Kwa hiyo sitakaa hapo.

Nataka kukaa kwa Night of the Living Dead, ya Bwana George Romero, maana ndiyo iliyo kubwa. Ilipigwa karibu na Evans City, Pennsylvania, kwa dola laki moja na kitu, bila rangi. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, na matumbo yaliyoliwa yalitoka buchani. Jina lake la kwanza lilibadilishwa kabla ya kuonyeshwa, na katika kubadilisha huko tangazo la haki ya kunakili likaachwa. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule picha ikawa mali ya watu wote. Watengenezaji walipata hasara, lakini kwa sababu hiyo kila mwenye thieta aliweza kuionyesha apendavyo, na wafuasi wakazidi. Mwaka 1999 iliwekwa katika orodha ya picha za taifa zinazohifadhiwa na maktaba kuu ya Marekani.

Habari yake ni fupi. Maiti wamefufuka na wanakula watu. Watu saba wamejifungia katika nyumba ya shamba, na badala ya kushikamana wanagombana: Ben ataka wakae juu waweze kukimbia, Bwana Cooper ataka washuke chumba cha chini. Ben ni mtu mweusi, akichezwa na Duane Jones, na katika picha nzima hapana anayetaja rangi yake.

Wazee wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Bwana Romero ameipindua methali hiyo. Katika nyumba ile, zimwi likujualo ndilo likulalo: kaka anarudi amekufa na kumvuta dada yake nje gizani, mtoto mgonjwa anamla baba yake na kumwua mama yake kwa mwiko wa bustani. Nina lawama moja: Barbra, yule dada, ameachwa akae kimya kama gogo karibu mchezo wote, na mwandishi mwenye huruma zaidi angalimpa akili.

Ben peke yake anaona asubuhi, tena kwa kujificha katika chumba kile kile cha chini alichokikataa. Marehemu Cooper alikuwa na haki, walau kwa jambo hilo. Nje kuna mbwa na wanaume wenye bunduki, wanaosafisha nchi. Ben anasikia sauti za watu wazima, anapanda ngazi, anachungulia dirishani. Mmoja anamwona, hamwulizi neno, anampiga risasi ya kichwa.

Wako wasemao kwamba mwisho huu ni ukatili usio na sababu. Mimi nasema picha yote ilikuwa ikielekea hapo. Martin Luther King aliuawa Aprili 1968, nayo picha ikaonyeshwa Oktoba mwaka huo huo. Haikuandikwa kwa ajili yake, lakini watazamaji hawakuhitaji kuelezwa. Ben aliyashinda mazimwi usiku kucha. Hakuwashinda walio hai, ambao kutoka mbali waliona kiwiliwili tu kikisogea.

Angalia, utakapoitazama, kinachofuata baada ya risasi. Picha huacha kwenda. Huja picha zilizosimama, zenye chembechembe, kama zile za magazetini: wanaume wameshika kulabu za kuburutia nyama, na Ben analazwa juu ya kuni pamoja na maiti waliokuwa wakimwinda.