Huzuni Isiyo na Kivuli

Katika mji wa Florence, nchini Italia, limo kanisa liitwalo Santa Felicita. Aingiapo mtu huona, mkono wake wa kuume, kikanisa cha jamaa ya Capponi, na juu ya madhabahu yake picha ya maziko ya Yesu iliyochorwa na Jacopo Pontormo kati ya mwaka 1525 na 1528. Giorgio Vasari, mwandishi wa maisha ya wachoraji, asimulia kwamba Pontormo alikifunga kikanisa hicho miaka mitatu, asimruhusu hata tajiri wake kuchungulia. Kilipofunguliwa mji ulistaajabu. Lakini Vasari hakuridhika. Aliona rangi zimelingana mno, hata nuru na kivuli havipambanuki.

Lawama hiyo si ya bure. Msalaba haumo pichani, wala ngazi, wala kaburi. Juu pana wingu moja tu. Kijana mmoja amechutama kwa ncha za vidole huku amebeba mwili wa Yesu, na yeyote aliyepata kuchukua maiti, au hata gunia la mahindi, ajua kwamba hivyo haiwezekani. Mavazi ni ya waridi na samawati, rangi za arusi. Mtindo wa Manerizimu, uliopenda viungo virefu na mikao migumu kuliko maumbile ya kawaida, mara nyingi uliishia katika maringo. Je, haya nayo ni maringo?

Nasema sivyo, na ushahidi wangu ni mapaja ya Mariamu. Mama huyo, katika vazi pana la samawati, yu karibu kuzimia. Magoti yake yangali kama kiti, lakini juu yake hapana mtu. Ni kana kwamba mwili umeondolewa pale sasa hivi. Mkono wake wanyoshwa kumfuata mwanawe, na kati yao pana nafasi ambayo picha nzima yaizunguka. Wachukuzi nao wauelekeza mwili chini, kwetu, ilipo madhabahu ambapo Wakatoliki huadhimisha sadaka ya mwili huohuo. Mama anyang'anywa ili sisi tupewe. Ndiyo maana yule aliyechutama atutazama kwa fadhaa, mfano wa mtu aliyetumwa kutoa kisicho chake.

Kivuli kingetusitiri. Pontormo alikiondoa.

Wanawake wa juu, nakiri, wafanana mno. Lakini tazama ukingo wa kuume, nyuma ya Mariamu: pana mtu ambaye wataalamu wengi humdhania kuwa mchoraji mwenyewe. Karibu atoke pichani, na hakuna alichokishika.