Miongozo ya Uandishi wa Hadithi na Hali Halisi ya Buha

Swali la jinsi ya kumfundisha mtu kuandika hadithi si mali ya mafundi wa lugha peke yao. Ni swali la siasa, kwa sababu anayefundishwa kuandika ndiye atakayesimulia, na anayesimulia ndiye ambaye watoto wa kesho watamwamini. Kwa hiyo hatuna budi kuichambua miongozo ya uandishi inayopita sasa mikononi mwa vijana: orodha za maswali ya kuanzia, mazoezi ya kuumba wahusika, kanuni za kupanga matukio. Tangu Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipotoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023, hamu ya kuandika imeongezeka, na pamoja nayo hamu ya kupata mwongozo. Hamu hiyo ni njema. Tunachouliza ni mwongozo gani, na unamfundisha mwandishi kuona nini.

Kipimo chetu ni Kasulu na Kibondo. Tumeyachagua makusudi. Msomaji wa riwaya za Kiswahili amekwisha kutembezwa Unguja, Dar es Salaam na Ukerewe. Miinuko ya Buha hajaizoea. Mwongozo unaomfaa kijana wa huko, ambaye hana riwaya nyingi za kwao za kuiga, utakuwa umepita mtihani mgumu.

Kwanza tuondoe kosa moja njiani. Wapo wasomi wanaodai kwamba mazoezi hayana maana, eti mwandishi huzaliwa. Hiyo ni nadharia ya kikabaila, inayofanya sanaa kuwa urithi wa wachache. Hakuna anayesema seremala huzaliwa na randa mkononi. Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, kisha akairudia na kuitoa upya mwaka 1969. Rais wa nchi, mwenye kazi zote zile, alirudi kwenye maandishi yake kama mwanafunzi anayesahihisha daftari. Na Gorky alipoona wafanyakazi wa viwandani wa Urusi wakimpelekea hadithi zao mbichi, alianzisha jarida mahsusi la kuwafunza uandishi, mwaka 1930. Miaka sita baadaye Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kikaanza warsha yake mashuhuri. Wajamaa na mabepari walikubaliana kwamba uandishi unafundishika. Walitofautiana juu ya nini kifundishwe, na hapo ndipo penye hoja yetu.

Kila zoezi la uandishi limebeba nadharia ya mtu na jamii, hata kama aliyelitunga hajui. Tuchukue zoezi linalopatikana karibu katika kila mwongozo: "Mhusika wako anataka nini? Nini kinamzuia?" Ni swali jepesi na linaonekana halina upande. Sasa tulipeleke Kasulu, katika miaka ya 1950, kwa kijana anayepanda lori la waajiri kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga. Kijana huyu anataka nini? Mwanafunzi mtiifu wa mwongozo atajibu: anataka fedha ili aoe. Nini kinamzuia? Atajibu: baba mkali, au mpinzani wa mapenzi, au mchawi. Hadithi itakwenda, itapanda hadi kileleni, itashuka, na msomaji atakuwa hajaelezwa lolote la kweli.

Ukweli ni kwamba kutaka kwa kijana huyo kulitengenezwa. Serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha taslimu, na wakati huo huo ikauacha Mkoa wa Kigoma uwe ghala la nguvukazi ya kuazimwa na mashamba ya watu wengine. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, lakini mkulima wa Kasulu alipata njia ya kusafirisha mwili wake kabla hajapata zao la kusafirisha. Wenye mashamba ya mkonge wakaunda chombo chao cha kukusanya watu, Silabu. Mtu akapewa namba, na kutokana na namba hiyo likazaliwa neno manamba. Akapewa na kipande, kadi ambayo kila siku ya kazi ilitiwa alama yake. Siku ambayo kazi haikukamilika haikuhesabiwa.

Zoezi linalofaa, basi, haliishii kwenye "anataka nini". Linaendelea kuuliza: nani alimfanya atake? Kodi ilikuwa kiasi gani, na nani alikuja kuidai? Yeye alipokuwa Tanga, shamba la mahindi na maharage lililimwa na nani? Aliporudi na blanketi na baiskeli, mkewe alimpokea vipi, na nini kilikuwa kimebadilika ambacho hakukiona? Mwandishi anayejibu maswali haya kwa kuwauliza wazee atajikuta na wahusika watano kabla hajatafuta hata mmoja. Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1979, ina nguvu kwa sababu hiyo. Tamaa za Rashidi hazitoki hewani, zinatoka bandarini, kwenye gunia na ujira, na zinabadilika kadiri anavyoelewa nani anafaidika na mgongo wake.

Tusije tukadhani lakini kwamba kasoro zote zinatoka nje. Nasi tulikuwa na mwongozo wetu katika miaka ya 1970, ingawa haukuandikwa katika kitabu kimoja. Ulisema: maudhui sahihi kwanza, fani itafuata. Matokeo yake tunayafahamu. Kabaila mwenye kitambi, bwana shamba mwadilifu, mzee mmoja anayepinga, na mkutano wa kijiji unaomaliza kila kitu kwa makofi. Waandishi walijaza mapengo kama wajazavyo fomu. Mwongozo wa soko unasema mtu ni tamaa yake tu. Mwongozo wa kaulimbiu ulisema mtu ni tabaka lake tu. Wote wawili humwambia mwandishi jibu kabla hajauliza.

Kigoma inatufundisha jambo hili vizuri kuliko mikoa mingi. Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, kabla ya amri ya nchi nzima ya Novemba 1973. Watu waliokuwa wakiishi wametawanyika katika mashamba yao walihamishiwa vijijini. Wapo walioona shule na zahanati kwa mara ya kwanza karibu na nyumba zao. Wapo walioacha migomba iliyokuwa inazaa, wakalala chini ya vibanda vya nyasi mvua ikinyesha. Na nguvu ilitumika. Mara nyingine aliyepata na aliyepoteza ni mtu mmoja, na huyo ndiye mhusika ambaye fasihi ya kaulimbiu ilishindwa kumchora. Kezilahabi alimkaribia katika Gamba la Nyoka, 1979, akichora upande wa ziwa, na kwa maoni yetu kitabu hicho kimelitumikia Azimio la Arusha kuliko tungo nyingi zilizolisifu. Vilevile mwandishi wa Buha asiupambe wakati wa kabla ya mkoloni. Ubugabire, ule mkataba wa ng'ombe uliomfunga mkulima kwa mwenye mifugo, ulikuwa na wanyonge wake, na wao pia hawajaandikwa vya kutosha.

Zoezi la pili linalopendwa na miongozo ni hili: "Mgeni afika kijijini. Endelea." Mwenye kutunga zoezi hilo ameishi mahali ambapo mgeni ni jambo la ajabu. Kibondo si mahali hapo. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Warundi walivuka mpaka kwa maelfu. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu kwa ajili ya watu wa Kongo. Mtabila ilifungwa 2012. Na 2015 Nduta ikafunguliwa upya kwa wimbi jingine kutoka Burundi. Huyo mgeni anazungumza Kirundi, ambacho Mha anakielewa bila mkalimani. Kwa kanuni zilizowekwa haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali, lakini analima kibarua katika shamba la mwenyeji kwa ujira mdogo, naye mwenyeji anamlalamikia kwa kuni zinazokwisha huku akiinunua jasho yake kwa bei rahisi. Hapa swali la kuanzia lingekuwa: nani mgeni, na nani amesema hivyo? Hebu kijana ajaribu kuandika ukurasa mmoja ambamo mwenye shamba na kibarua wanasalimiana asubuhi kwa maneno yanayokaribiana, kisha wanapatana malipo.

Salamu zenyewe zinatufikisha kwenye lugha. Miongozo hushauri mwandishi asikilize watu wanavyosema, na ushauri huo ni sahihi. Lakini mzee wa Heru Juu anasema Kiha. Kijana akimwandika kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, mzee anageuka afisa. Akimwandika kwa Kiswahili cha kukosea-kosea, anageuka kichekesho, na kichekesho cha namna hiyo kuhusu Waha kimekwisha kutosha mijini. Tunapendekeza zoezi la kuandika mazungumzo mara mbili: kwanza kwa Kiha kama yalivyosemwa, pamoja na kimya chake na makofi mepesi ya heshima, kisha kutafuta Kiswahili chenye uzito uleule. Kazi hii ni nzito na haimalizwi jioni moja. Mwalimu alipoirudia Juliasi Kaizari, ndicho alichokuwa akifanya.

Nani awaongoze vijana hawa? Si lazima bingwa kutoka Dar es Salaam. Katika kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, wakajadiliana na kuamua la kutenda. Mfumo huo ulikuwa wa afya, lakini muundo wake unafaa hadithi pia. Kamĩrĩĩthũ, Kenya, mwaka 1977, wakulima na vibarua waliusikiliza mswada wa mchezo ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, wakawasahihisha waandishi wao kuhusu maisha na lugha. Serikali ya huko ikauzuia mchezo, na kabla mwaka mpya haujapambazuka Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Hapa kwetu, Penina Mlama na Amandina Lihamba na wenzao walifanya kazi kama hiyo Malya, Wilaya ya Kwimba, mwaka 1982 na 1983, wanakijiji wenyewe wakichagua matatizo ya kuigiza.

Kasulu ina chuo cha ualimu, na walimu wamo katika kila kata ya wilaya zote mbili. Kikundi cha watu 10 chini ya mwalimu mmoja kinatosha kuanza. Kila mmoja aende kwa mzee mmoja na swali moja, aandike kurasa 3, kisha arudi kumsomea mzee huyo kabla ya mtu mwingine yeyote, na aandike pembeni kila mahali mzee alipomkatiza. Ukurasa wa tatu uandikwe upya kutokana na makatizo hayo. Waanze na Operesheni, kwa kuwa mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 sasa amekwisha kupita 70, na wale waliobeba kipande Tanga ni wazee kuliko yeye.