Hukumu Isiyotekelezwa: Adhabu ya Kifo katika Hadithi Mbili za Grace Ogot

Katika mabishano juu ya adhabu ya kifo yazukayo mara kwa mara Kisumu na katika vijiji vya ufuko wa Ziwa Victoria, pande zote mbili hupenda kuwaita wahenga watoe ushahidi. Wanaoitetea adhabu hiyo husema kwamba Wajaluo wa kale hawakumvumilia muuaji wala mchawi, na kwamba kitanzi cha serikali ni mawe ya wazee yaliyobadilika umbo tu. Wanaoipinga hudai kwamba kitanzi kililetwa na mkoloni pamoja na reli, na kwamba kabla yake damu ililipwa kwa ng'ombe. Wahenga wenyewe hawapo kuulizwa. Yaliyobaki ni masimulizi, na miongoni mwa masimulizi yaliyopata kutiwa katika maandishi ni machache yanayofaa kuchunguzwa kwa ajili hii kuliko hadithi mbili za Grace Ogot zilizomo katika mkusanyiko wake Land Without Thunder, uliotolewa na East African Publishing House mwaka 1968. Hadithi hizo ni "The Rain Came", yaani mvua ilikuja, na "Tekayo".

Hadithi hizi zimezoeleka kusomwa kama picha za mila na uganga, au za mapenzi na nafasi ya mwanamke katika jamii. Usomaji huo si wa makosa, lakini umeliacha jambo moja pembeni. Katika hadithi zote mbili jamii inakata shauri kwamba mtu mmoja lazima afe ili wengine wapone, na katika zote mbili mwandishi anauzuia mkono wa jamii usiue. Oganda anaokolewa njiani. Tekayo anajiua mwenyewe. Mbinu inayorudiwa mara mbili ndani ya kitabu kimoja haiwezi kuhesabiwa kuwa bahati. Basi swali linalostahili kuulizwa ni kama Ogot ametoa hukumu yake juu ya haki ya kuua kwa niaba ya umma, au ameikwepa. Makala haya yanashikilia kwamba katika hadithi ya kwanza amehukumu, na katika ya pili amekwepa. Na kwamba kule kukwepa kunaifunua Kenya zaidi kuliko kuhukumu.

Kabla ya kuziingia hadithi zenyewe, inafaa kutazama lugha kidogo. Kwa Kijaluo mtu aliyeuliwa ndugu yake huweza kusema atafanya chulo kwor, na chulo ni kitenzi kile kile cha kulipa deni dukani. Kiswahili nacho, bila kuazima kwa jirani, kimelitia lipa ndani ya kulipiza kisasi. Lugha mbili zisizo za ukoo mmoja zimekutana katika fikira moja: damu ni deni. Lakini deni likishalipwa, mdai na mdaiwa wote huenda zao wakiwa hai. Ndiyo maana ng'ombe waliweza kuingia katika hesabu hiyo. Kitanzi hakiwezi kuingia, kwani hakimpi mdai chochote cha kufunga zizini. Anayekitetea kwa jina la kwor ameichukua nusu ya neno na kuiacha nusu.

Katika "The Rain Came" ukame umeishika nchi ya mtemi Labong'o. Mganga Ndithi anatangaza kwamba wahenga wamesema mvua haitanyesha mpaka Oganda, binti wa pekee wa mtemi, atolewe kwa zimwi la ziwani. Labong'o ana wana wengi wa kiume na binti mmoja tu. Hapo Ogot anafanya jambo ambalo wanasheria hulifanya kwa shida: anaonyesha hukumu ikimpasua anayeitoa. Labong'o mzazi anataka kukataa. Labong'o mtemi hana namna. Watu nao hawaelezwi kama wakatili. Wana kiu, mifugo yao inakufa, na watoto wao watafuata. Wanafurahi kwa sababu wamepewa njia ya kuokoka. Oganda mwenyewe mwanzoni anahadaika, na anadhani anatafutiwa mume. Ni vigumu kuisoma sehemu hiyo bila kuona jinsi umma unavyoweza kusherehekea kifo cha mtu bila kumchukia hata kidogo.

Mtu atasema kwamba kafara si adhabu: Oganda hana hatia, na mahakama haimnyongi asiye na hatia ila kwa bahati mbaya. Pingamizi hilo ni la haki, na linapasa kujibiwa. Adhabu ya kifo hutetewa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba mkosaji anastahili. Ya pili ni kwamba wengine wataogopa, na nchi itapona. Hoja ya kwanza haimgusi Oganda. Ya pili inamgusa moja kwa moja, kwa maana haihitaji kabisa kwamba anayekufa awe ametenda kosa. Inatosha kifo chake kilete faida. Kila asemaye katika baraza kwamba "akinyongwa mmoja watatulia" amesimama pale pale aliposimama Ndithi, ingawa hakukusudia.

Osinda, ampendaye Oganda, anamfuata hadi karibu na ziwa, anamvika vazi la majani ili macho ya wahenga na ya zimwi yasiwaone, nao wanatoroka. Kisha mvua inanyesha. Hapa ndipo penye uzito wa hadithi. Kisa hiki kilipotokea kwanza katika jarida la Black Orpheus mwaka 1963 kiliitwa mwaka wa kafara. Katika kitabu cha 1968 jina likawa la mvua. Kwa badiliko hilo mwandishi ameliondoa jicho la msomaji kwenye sababu iliyodaiwa na kulielekeza kwenye tukio lenyewe. Kafara haikutolewa, na mvua ilikuja. Hiyo ni hukumu, tena imetolewa bila hotuba.

Hata hivyo liko jambo jingine chini yake, na ni la kutisha zaidi. Kijiji alichokiacha Oganda hakijui kwamba aliokoka. Kilimwona akienda ziwani, kisha kikaiona mvua. Kwa kijiji, kafara imefaulu kabisa. Na ukame ujao kitamtafuta binti mwingine kwa imani kubwa kuliko ya kwanza. Mapenzi ya Osinda yamemwokoa mtu mmoja na kuiimarisha desturi iliyotaka kumwua. Hivyo ndivyo ilivyo shida ya kubishana juu ya faida ya kitanzi popote duniani: uhalifu ukipungua, kitanzi husifiwa; ukizidi, huambiwa watu kwamba vitanzi havijatosha. Ogot hakuliandika jambo hili kwa maneno, lakini limo katika umbo la kisa, na msomaji anayefunga kitabu kwa furaha ya mvua tu amesoma upesi mno.

"Tekayo" ni hadithi ngumu kuliko hiyo, kwa sababu Tekayo ana hatia, na hatia yake haina mfano. Alionja ini alilolinyang'anya tai porini, likamnogea, akatumia miaka akiwinda mnyama mmoja baada ya mwingine atafute ladha ile. Uzeeni akaipata, kwa watoto wa wanawe mwenyewe. Anafumaniwa, na wazee wanaamua apigwe mawe hadi afe. Kabla hukumu haijatekelezwa anajiua.

Mtetezi wa adhabu ya kifo asingeweza kupata mfano bora. Hapana shaka juu ya ushahidi, mkosaji hakusukumwa na njaa, na waliouawa ni wajukuu. Anayeipinga adhabu hiyo hana budi kupimwa kwa kisa kama hiki, si kwa kisa cha mtu aliyesingiziwa. Na mwandishi aliyejitwika kukisimulia alikuwa na wajibu wa kutuonyesha ama mawe yakirushwa ama wazee wakishindwa kuyarusha. Hakuonyesha lolote. Kwa kumfanya Tekayo ajiue, amewaosha wanakijiji mikono. Wameshatamka kwamba afe, amekufa, na hakuna aliyeua. Zaidi ya hayo, mtu aliyejiua kwa desturi za Wajaluo ni mzigo kwa walio hai. Hakuliliwa kama wafu wengine, na kifo chake kilihitaji kutakaswa. Utatuzi huo ulioonekana mwepesi umekiachia kijiji uchafu mwingine, na hadithi haikai kuutazama. Ogot, ambaye kabla ya kujulikana kwa uandishi alikuwa mwuguzi na mkunga, akifanya kazi hata katika hospitali ya Maseno, hakuwa mtu wa kuogopa damu. Labda aliogopa jibu.

Jambo moja katika hadithi hii, lakini, ni la thamani kubwa. Msomaji anajua habari ya tai na ini. Wazee waliomhukumu wanajua alichofanya. Njia iliyomfikisha hapo haiingii katika hukumu yao. Mtu akishakufa, kwa jiwe au kwa mkono wake, njia hiyo inafukiwa pamoja naye.

Watu wa ufuko wa ziwa wana sababu ya kulielewa hilo. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi, akazikwa kisiwani Rusinga. Nahashon Njenga Njoroge alishitakiwa, akahukumiwa, na kabla mwaka haujaisha akanyongwa. Umma ulipata habari jambo likiwa limekwisha. Wapo waliosema haki imetendeka. Lakini swali lililoulizwa Rusinga na Kisumu tangu siku hiyo halikuwa kama Njenga alistahili kufa. Lilikuwa nani alimtuma, kama alitumwa, na mtu wa pekee aliyeweza kulijibu alikuwa amezikwa gerezani. Sheria iliyokusudiwa kulipa deni ililifuta daftari. Mwaka 1990 alipouawa Robert Ouko, ambaye maiti yake ilikutwa karibu na kwake Koru, hakupatikana hata mtu wa kutiwa hatiani. Nyimbo na masimulizi ya kilio yakaifanya kazi ambayo mahakama haikuifanya. Hoja hii haimsaidii Tekayo, wala haitoshi peke yake kuiondoa adhabu. Inaonyesha tu kwamba katika nchi yenye mauaji ya siasa kitanzi kinaweza kuwa rafiki wa mwuaji mkubwa dhidi ya mwuaji mdogo.

Tangu mwaka 1987 Kenya haijamnyonga mtu. Hata hivyo majaji hawakuacha kutamka hukumu hiyo, na wafungwa walioihukumiwa wamejaa katika magereza, Kodiaga iliyo nje kidogo ya Kisumu ikiwa mojawapo. Rais Kibaki aliwabadilishia zaidi ya wafungwa 4,000 adhabu kuwa kifungo cha maisha mwaka 2009. Rais Uhuru Kenyatta akawabadilishia 2,747 mwaka 2016. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikaamua, katika kesi ya Muruatetu, kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi huo ulihusu kosa la kuua kwa kukusudia. Adhabu yenyewe haikuifuta. Hali hii ni "Tekayo" iliyoandikwa upya na dola: hukumu inatamkwa kwa sauti kuu, kisha wote wanageuza uso na kungoja mauti, au maradhi, au msamaha wa rais, vifanye kazi ambayo hakuna anayetaka kuifanya. Atakayeilaumu hadithi kwa kukwepa na kuisifu nchi kwa huruma ana mizani mbili.

Mwaka 1987 wenyewe unastahili kukumbukwa kwa jambo jingine. Mwezi wa Mei, baada ya kesi iliyofuatwa na nchi nzima, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba wakili S. M. Otieno azikwe Nyalgunga, Siaya, kwa kuwa mila za Wajaluo zataka mtu arudi kwao. Mwezi wa Julai, Hezekiah Ochuka, mzaliwa wa Nyakach, alinyongwa Kamiti kwa uhaini wa mwaka 1982. Hakurudishwa Nyakach. Katika muda wa majuma machache serikali moja ilikiri kwamba kaburi la nyumbani ni haki ya Mjaluo, na ikamnyima Mjaluo mwingine kaburi hilo. Aliyenyongwa alihesabiwa kuwa mali ya gereza hata baada ya kufa.

Oganda naye asingekuwa na kaburi. Zimwi lingemmeza, na Labong'o, mwenye wana wengi na binti mmoja, asingekuwa na mahali pa kwenda kulia ila ukingoni mwa maji yale yale ambayo watu wake walikuwa wakiyashukuru.