Lugha za Dunia ya Kati: Uhakiki wa Kiistilahi

Mfasiri wa fasihi ya kigeni kwa kawaida huwa na lugha mbili mbele yake. Mfasiri wa riwaya ya J. R. R. Tolkien iitwayo The Lord of the Rings, iliyotoka kwa majuzuu matatu katika miaka ya 1954 na 1955, hukuta lugha zaidi ya kumi, na nyingi katika hizo hazikupata kuwa lugha ya mama ya mtu yeyote. Mataifa yakaayo katika dunia aliyoibuni mwandishi huyo, ambayo hapa tutaiita Dunia ya Kati, kila moja lina usemi wake, sauti zake na historia yake. Makala haya yanakusudia kuzitazama lugha hizo kwa jicho la istilahi: tuziiteje, tuwaiteje wenye kuzisema, na je, picha ya lugha tunayopewa humo twaweza kuipokea bila ya kuihoji?

Tuanze na jina la jumla. Wako waandishi waziitao lugha za namna hii “lugha bandia”. Hatukubaliani nao. Neno bandia kwetu hutumika kwa noti, kwa meno na kwa sahihi. Hudokeza kitu kilichowekwa badala ya kilicho cha kweli. Lugha za Tolkien hazikusimama badala ya lugha nyingine yoyote. Istilahi “lugha ya kubuni” yafaa zaidi, kwani kubuni ni tendo la halali, na riwaya yenyewe ni jambo la kubuni. Kiesperanto, alichokitoa Zamenhof mwaka 1887, nacho ni lugha ya kubuni, ila hicho kilikusudiwa watu wakisema, ilhali lugha za Dunia ya Kati zilikusudiwa kwanza kumridhisha mtungaji wake.

Mtungaji huyo alikuwa mtaalamu wa lugha kabla ya kuwa mtungaji wa hadithi. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akaondoka angali mtoto mdogo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi katika kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, kisha akawa profesa katika chuo hicho hicho. Mwenyewe alieleza kwamba lugha zilitangulia, na hadithi zikafuata ili lugha hizo zipate watu wa kuzisema na mahali pa kusemewa. Jambo hili ladhihirika katika lugha zake mbili kuu, Quenya na Sindarin. Quenya aliipa ladha ya Kifini, na Sindarin ladha ya Kiwelsh, lakini zote mbili alizizalisha kutoka lugha mama moja, kwa kanuni za mabadiliko ya sauti. Mti katika Quenya ni alda, na katika Sindarin ni galadh. Ndege bata-maji mkubwa ni alqua katika ya kwanza na alph katika ya pili. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa jambo hili kwa kirefu. Anajua kwamba aliye Unguja husema njia na macho, na aliye Lamu husema ndia na mato, wala hakuna kati yao aliyekosea. Anajua pia kwamba kinachowafungamanisha ni kanuni, wala si bahati. Ni wachache mno, katika watunzi waliobuni mataifa, waliofikiri kwamba neno nalo lina wazazi na ndugu.

Hali kadhalika lugha ya wale wafupi wa milimani, wachimbao madini na kufua vyuma. Mzizi wake ni konsonanti tupu, na irabu huingizwa kati ili kupambanua maana: wao ni Khazâd, lugha yao ni Khuzdul. Utaratibu huu ni wa Kiarabu na Kiebrania, nasi tunao mabaki yake kinywani kila siku tusemapo kitabu, katibu na maktaba. Watu hawa huificha lugha yao, hawaifundishi wageni, na majina yao ya kweli hawayaandiki hata juu ya makaburi yao. Kwa watu walio mbali na kwao, wakifanya biashara kwa lugha za wengine na kuihifadhi yao kama siri ya nyumbani, hilo si jambo geni hata kidogo.

Hadi hapa tumesifu. Sasa yafaa tuseme panapotuuma.

Riwaya inazipanga lugha kwa daraja, na daraja hilo ni la tabia. Wema husema lugha tamu, waovu husema lugha mbaya masikioni. Maneno yaliyochorwa juu ya pete yanaposomwa mbele ya baraza katika lugha ya adui, wasikilizaji hutetemeka, na baadhi yao huziba masikio. Tena twaambiwa kwamba Orki, watumishi wa adui, hawakuwa na lugha yao wenyewe, bali walichukua walichoweza katika lugha za wengine wakakipotosha kwa matakwa yao. Sisi ambao lugha yetu imechukua meza na leso kwa Wareno, bima na gari kwa watu wa Bara Hindi, shule kwa Wajerumani na maneno kwa mamia kwa Waarabu, hatuwezi kuipita hukumu hiyo kimya. Kuchukua neno si kulipotosha. Na mno tumesikia, katika enzi za kutawaliwa, lugha za Waafrika zikiitwa kelele na watu ambao hawakujifunza hata moja, hata tusiweze kusoma juu ya taifa zima lililonyimwa lugha bila ya kuuliza ni nani aliyesimulia. Twakiri kwamba mwandishi anadai kuwa amefasiri tu kumbukumbu za watu wa upande mmoja. Huenda hiyo ndiyo nusu ya utetezi wake. Utetezi kamili haujawa.

Hata hivyo katika habari hiyo hiyo ya waovu limo jambo ambalo kila mwenye kazi ya kuunda istilahi angepaswa kulisoma mara mbili. Sauron, mtawala wa giza, alitunga lugha kwa makusudi, akataka iwe lugha ya wote wamtumikiao. Alikuwa na amri, majeshi na hofu. Hakufaulu. Aliposhindwa mara ya kwanza, lugha yake katika umbo lake la asili ilisahauliwa na wote ila watumishi wake tisa wa karibu. Kwa Orki yalibaki maneno tu, kama ghâsh, yaani moto, yaliyotawanyika katika lahaja zao. Na makabila ya Orki yalipotaka kuelewana yalitumia lugha ya adui zao, ile ya biashara na njia kuu. Ghâsh lilibaki kwa sababu askari huhitaji kutaja moto. Kamati yoyote yaweza kulipima neno lake kwa kipimo hicho kabla ya kulipiga muhuri.

Lugha hiyo ya biashara mwandishi ameiita Westron. Tukiiita Kimagharibi msomaji atadhani ni lugha ya Ulaya, kwa hiyo twapendekeza “Lugha ya Wote”. Asili yake yatuhusu. Mabaharia wenye nguvu kutoka kisiwa cha Númenor walijenga ngome na bandari pwani. Usemi wao, ukichanganyika na maneno mengi ya wenyeji, ukawa lugha ya pwani nzima, kisha ukapanda bara. Msomaji wa mwambao atashtuka, kwa kuwa ndiyo hadithi ile ile iliyosimuliwa zamani kuhusu Kiswahili: kwamba walikuja wageni, wakachanganya, lugha ikazaliwa. Utafiti wa isimu historia, hasa wa Derek Nurse na Thomas Spear katika kitabu chao cha mwaka 1985, ulionyesha wazi kinyume chake. Kiswahili ni lugha ya Kibantu kwa sarufi na kwa msingi wa msamiati wake, ndugu wa Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro, iliyokopa kwa wageni bila ya kuzaliwa nao. Katika Dunia ya Kati bandari huileta lugha. Kwetu bandari iliikuta. Mfasiri asiyetambua tofauti hii atajikuta akiwafundisha vijana wetu historia potofu kwa mlango wa nyuma.

Twende kwenye kazi yenyewe. Tolkien aliwaandikia wafasiri mwongozo wa majina, baada ya kukerwa na tafsiri za Kiholanzi na Kiswidi. Ulichapishwa mwaka 1975, yeye akiwa amekwisha kufariki mwaka 1973. Kanuni yake ni kwamba majina yenye sura ya Kiingereza yafasiriwe kwa maana, na mengine yaachwe. Sababu ni kuwa Kiingereza humo chawakilisha Lugha ya Wote. Wapanda farasi wa Rohan, ambao lugha yao ni ndugu wa Lugha ya Wote lakini ya kikale zaidi, amewapa Kiingereza cha kale. Kwa uwiano huo, mfasiri atumiaye Kiswahili sanifu angewapa Rohan lugha ya tenzi kongwe za Pate na Lamu. Pendekezo hili litawashangaza wengine, ila twaona kwamba ndilo linalomtii mwandishi kuliko kuyanakili majina yake ya Kiingereza cha kale, ambayo kwa masikio yetu hayana ukale wowote. Tahadhari ya pembeni: Kali, katika Lugha ya Wote, humaanisha mchangamfu. Libaki katika nyongeza za kitabu.

Majina ya mataifa ndiyo magumu. Elf likitoholewa huwa elfu, na Waelfu watahesabiwa badala ya kusimuliwa. Jini halifai, jini kwetu ameumbwa kwa moto na hupanda watu kichwani. Lakini watu hao wana jina lao wenyewe, Quendi, yaani wale wasemao kwa sauti. Twapendekeza Waneni, na lugha zao ziwe za Kineni. Kwa wafua vyuma, mbilikimo tunalikataa kabisa, kwani ni jina walilobandikwa watu halisi, na si la heshima. Na kibete huwatia katika ngeli ya vitu. Tuwaite Wakhazadi. Orki wawe mazimwi, kwa sharti moja: zimwi la ngano zetu lina lugha, na mara nyingi hushindwa kwa lugha.

Limebaki suala la adabu. Mwandishi aeleza kwamba Lugha ya Wote ilikuwa na viwakilishi vya heshima, na kwamba Wahobiti kwa kawaida walikuwa wameviacha. Kwa hiyo kijana Pippin alipofika mbele ya Denethor, mtawala wa Minas Tirith, alimsemesha kama mtu wa rika lake, nao watu wakadhani ni mwana wa mfalme. Kiingereza cha leo hakina njia ya kulionyesha hilo, ndiyo maana likaelezwa katika nyongeza. Kiswahili kinayo njia, japokuwa haimo katika kiwakilishi. Pippin na aingie bila ya shikamoo, wala asimwite Mtukufu. Amwite babu, kama mtoto wa shamba amwitavyo mzee yeyote akutanaye naye njiani. Watumishi watashtuka, mzee hatakuwa ametukanwa, na ukurasa wa maelezo hautahitajika.