Sikio la Mwalimu wa Gredi ya Kwanza

Ukitaka kumjua mwalimu hodari wa Gredi ya 1, usimtazame mdomo, mtazame shingo. Hodari huinamisha kichwa upande mmoja na kukiacha hapo hapo. Watoto arobaini na zaidi wanasema ma, me, mi, mo, mu kwa pamoja mpaka bati linatetemeka, na yeye hana habari na zile sauti zinazosikika. Anaitafuta iliyokosekana. Punde si punde utamwona amefika kwenye dawati la pembeni, amechutama, anamwambia mtoto mmoja kwa sauti ya chini: "Hebu nisomee wewe."

Huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu, na nitausifia Mashimoni kwa sababu pale unahitajika maradufu. Mashimoni ni kijiji kimoja kati ya vijiji vya Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, kimebanana na majirani zake, Laini Saba na Lindi. Shule za serikali zilizoizunguka Kibera, kama vile Olympic, Ayany na Toi, hazijawahi kuwatosha watoto wa huko. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, watoto walimiminika, na Olympic, iliyokuwa na jina kubwa kwenye mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi, ikafurika wanafunzi. Wengi waliokosa nafasi husoma katika shule za jamii, za makanisa na za watu binafsi, zile ambazo Wizara ya Elimu huzitambua kwa jina la APBET. Mwalimu wa huko mara nyingi hayumo kwenye orodha ya mishahara ya TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali. Hulipwa kutokana na karo ambayo mzazi naye huilipa vipande vipande, kadiri kibarua kinavyopatikana.

Darasa lenyewe ni la mabati. Kinacholitenganisha na darasa jirani ni ubao mwembamba, na nyuma ya ubao huo Gredi ya 3 wanaimba jedwali la kuzidisha kwa nguvu zao zote. Nje kuna fundi wa kuchomelea vyuma, kuna mkokoteni wa mitungi ya maji, kuna kibanda cha video kilichofungulia muziki tangu asubuhi. Mvua ikishuka juu ya bati, hata wewe mwenyewe hujisikii. Mwalimu mgeni atapiga kelele kushindana na mvua. Mzoefu atanyamaza, ataandika neno ubaoni, ataonyesha kwa kidole kwamba sasa ni kuandika, kisha atapita katikati ya madawati akisoma midomo ya watoto wanaojitamkia wanapoandika. Somo lenyewe ni la nusu saa tu, na mvua haitamrudishia dakika zake.

Lakini adui mkubwa wa mwalimu huyu si kelele. Ni kwaya.

Mtoto wa miaka sita ana kumbukumbu ya ajabu. Ukimsomea ukurasa mara tatu, mara ya nne atakusomea yeye, na vituo ataviweka mahali pake, ilhali kitabu amekishika miguu juu kichwa chini. Wenzake wakisoma kwa pamoja, yeye huchukua silabi ya mwisho ya kila neno na kuipaza kuliko wote. Mgeni akipita mlangoni atasema darasa hili linasoma. Mwalimu hodari hadanganyiki. Huanzia katikati ya ukurasa, hufunika picha kwa kiganja, huuliza, "Neno la tatu ni lipi?" Au huchanganya kadi zake alizozikata kwenye makatoni na kumpa mtoto silabi tatu zisizounda neno lolote, bo, nu, ki, kwa sababu neno lisilokuwepo halikaririwi. Mtoto asiyejua silabi atanyamaza au atachungulia kwa jirani. Sasa mwalimu ameshajua aanzie wapi.

Programu ya usomaji ya Tusome, iliyoanza 2015 na kuzifikia shule za serikali nchi nzima pamoja na nyingi za APBET, iliupanga mwendo wa somo kwa hatua tatu: mwalimu asome, mwalimu na watoto wasome pamoja, kisha mtoto asome peke yake. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Darasani, hatua ya pili ni tamu mno, ina mdundo, kila mtu anaonekana ameelewa, na walimu wengi huishia hapo kengele inapolia. Sina budi kusema kwamba wengi wetu tuliosoma zamani tulifundishwa kwa hatua hiyo ya pili peke yake. Programu hiyo pia iliwazoesha watu kumpima mtoto kwa saa, maneno mangapi kwa dakika. Sina ugomvi na saa. Lakini saa hukuambia tu kwamba mtoto amekwama, na sikio la mwalimu ndilo linalojua amekwama kwenye herufi gani.

Nikupe mfano mmoja, uone udogo wa kazi yenyewe. Mwalimu anawaambia watoto wapige makofi kwa kila silabi. "Kitabu," makofi matatu, hakuna taabu. "Mtoto," nao wanapiga mawili: mto, to. Hawakaripii. Anafunga midomo, anaweka kidole juu yake, anaguna mmm, anapiga kofi moja. Halafu to. Halafu to. Matatu. Watoto wanacheka, wanaguna wote, wanapiga matatu. Anarudia kwa mtu, kwa mti, kwa mkate, mpaka m imezoeleka kusimama peke yake na kudai kofi lake. Ndipo anapowatega: "Mbuzi." Darasa zima linapiga matatu kwa fahari. Anatikisa kichwa, anatamka tena polepole, mbu, zi, na kuwaonyesha kwamba safari hii m imeshikana na b, haiwezi kuachana nayo. Hakuna aliyetaja sarufi. Yote yamekwisha kabla ya uji wa saa nne, na mtoto ametofautisha jambo ambalo mtu mzima anayejifunza Kiswahili ukubwani huhangaika nalo mwaka mzima.

Wiki ninayopenda kuutazama ufundi huu ni ile inayoelekea 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Asubuhi ni masomo, alasiri ni mazoezi ya sherehe: shairi la pamoja, ngoma, igizo, maandamano ya mabango ya manila. Wazazi wengine hunung'unika kwamba watoto wanapotezewa wakati. Wapo walimu pia wanaoihesabu wiki hiyo kuwa imekufa, na kweli mikononi mwa mwalimu mvivu huwa imekufa. Mikononi mwa hodari, alasiri ni somo lile lile la asubuhi, ila amelipindua.

Kwanza siku yenyewe. Watoto wa Kibera wana Soweto yao, Mashariki na Magharibi, mwendo wa miguu tu. Soweto ya Afrika Kusini ndiyo iliyoleta sherehe hii. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi waliandamana kukataa kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, polisi wakawafyatulia risasi, na miongoni mwa waliouawa alikuwamo Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliitenga siku hiyo kuwa ya mtoto wa Afrika mwaka 1991. Kwa hiyo chini ya keki na maturubai kuna swali la lugha: mtoto afundishwe kwa lugha ipi?

Mwalimu wa Mashimoni hulijibu swali hilo kila siku bila hotuba. Mtaala wa umilisi, ulioanza rasmi 2019, unataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na mahali penye mchanganyiko kama Kibera lugha hiyo huwa Kiswahili. Mbele yake kuna watoto ambao nyumbani husikia Kijaluo, Kiluhya, Kikamba, Kikisii au Kinubi, wazazi wao wanadai Kiingereza, na wao wenyewe wakiwa uwanjani huzungumza Sheng. Mmoja anakuja mbio: "Ticha, huyu amenidunga na penso!" Mwalimu anajibu, "Amekudunga kwa penseli? Pole, baba. Mwambie asikudunge kwa penseli tena." Mtoto anageuka kwa mwenzake: "Usinidunge kwa penseli tena!" Amesahihishwa mara mbili bila kujua, na bila kuaibishwa kwa lugha ya mtaani kwao. Nimewaona walimu waliomvisha mtoto kibao shingoni kwa kusema neno moja la kwao. Huyu wa penseli ndiye mwalimu.

Sasa alasiri. Asubuhi kazi ilikuwa kuivunja kwaya, kuitoa sauti ya kila mtoto na kuisikiliza peke yake. Alasiri anazirudisha sauti zile zile ziwe kwaya, na zana yake ni silabi. Ushairi wetu wa kimapokeo huhesabu mizani, na mizani ni silabi: mara nyingi minane ya ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na minane ya utao, nusu ya pili. Shairi mara nyingi amelitunga mwenyewe usiku. Tuseme amewapa mshororo huu: "Mtoto wa Mashimoni, naye ana lake jina." Mtoto aliyeelewa somo la asubuhi ataipa m ya "mtoto" haki yake na kufika kwenye kituo na mizani minane kamili. Asiyeelewa atakuwa na saba, atafika mbele ya wenzake, na kituo kitasambaratika. Mwalimu hasimamishi wote kuwafokea. Anawarudisha kwenye makofi, mara moja, mara mbili, mpaka kituo kinashikwa na wote kwa pumzi moja.

Kisha huja kupanga sauti. Nzito nyuma, nyepesi mbele, marafiki wawili wanaochekeshana hutenganishwa, na yule mwenye sauti ya kupasua bati huwekwa katikati, asizimwe wala asiwafunike wengine. Mwenye kigugumizi hapewi mshororo wa peke yake wala haondolewi. Hupewa kiitikio, kwa kuwa akiwa ndani ya mdundo ulimi wake hufunguka. Ishara za mikono, mara kwenye kifua, mara juu mbinguni, watoto arobaini wakipepesuka pamoja, kwa kweli zinanichosha. Mwalimu ninayemsifu hutumia mbili au tatu, na huziacha zitoke kwenye maneno. Mazoezi kama haya ndiyo yanayolisha pia Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo limekuwapo tangu 1927 na ambamo watoto wa shule za mabati hupanda jukwaa moja na wa shule za karo kubwa. Majaji husikiliza matamshi, na hapo dh na th alizozisumbukia mwalimu tangu Januari hulipa.

Siku ya sherehe yenyewe inajulikana. Turubai limefungwa uani au watu wamehamia uwanja wa Kamukunji wa hapo Kibera, viti vya plastiki vimekodiwa, leso zimeazimwa kwa akina mama, mtungi wa plastiki umegeuzwa ngoma. Mgeni wa heshima amechelewa, watoto wamesimama juani, chifu anaongea, mwakilishi wa mheshimiwa anaongea, mfadhili anaongea na kutafsiriwa. Shairi hupewa dakika tatu. Mwalimu amechutama mbele ya watoto, mgongo kwa wageni, midomo yake ikienda bila sauti, kichwa kimeinama upande ule ule. Makofi yakipigwa, wageni wamesikia kwaya. Yeye amesikia kwamba mtoto mmoja wa mstari wa pili alikuwa akifungua mdomo tu. Hatamwambia kitu siku ya furaha yake. Jumatatu ndiye atakayesomeshwa wa kwanza.

Baada ya chapati na soda, mwalimu huyo huyo utamkuta akiokota vifuniko vya chupa chini ya viti. Hivyo ni vya kuhesabia, vitaoshwa na kuwekwa kwenye mkebe karibu na duka la darasa, lile la pakiti tupu za unga na majani chai ambamo watoto hununua na kurudisha chenji ya karatasi. Mabango ya manila yaliyobebwa kwenye maandamano yatageuzwa upande wa pili na kuandikwa silabi. Manila ni ghali na huchanika upesi, ndiyo maana chati zake za kudumu ameziandika kwa rangi kwenye magunia ya nailoni, akazipigia misumari ukutani kuziba pia tundu la baridi.

Basi kama kwako kuna magunia ya nailoni yaliyokaa bure, makatoni magumu, vifuniko au kopo la rangi lililobaki, usivitupe. Vipeleke kwenye shule ya mtaa ulio karibu nawe, umuulizie mwalimu wa Gredi ya 1. Na kama wewe ni wa kamati ya shule, kabla ya kukodi turubai la mwaka huu, hakikisha mshahara wake wa mwezi uliopita umeshalipwa.