Mzabibu wa Mshatta: Uhakiki wa Hoja ya Katazo

Hoja inayorudiwa mara nyingi kuhusu nakshi za mimea katika majengo ya Waislamu wa zama za kati ni kwamba mchongaji, akiwa amezuiwa kuchora viumbe wenye roho, aligeukia majani. Sehemu hii inaipima hoja hiyo kwa ukuta wa mbele wa kasri la Mshatta, Jordan, ambalo wataalamu wengi hulihusisha na Khalifa al-Walid wa Pili (743–744). Sehemu kubwa ya ukuta huo imo Berlin, baada ya Sultani Abdulhamid wa Pili kuutoa zawadi kwa Kaizari Wilhelm wa Pili mwaka 1903.

Ukuta ni wa mawe ya chokaa, umegawanywa na mstari wa pembepembe unaounda pembetatu, kila moja ikiwa na ua kubwa. Kushoto kwa lango, ndege wanadonoa zabibu. Simba na wanyama wa kubuni wamekabiliana wakinywa chomboni. Kulia, mizabibu inaendelea bila mnyama yeyote. Nyuma ya upande huo ndipo ulipokuwa msikiti wa kasri, na mihrabu yake imo katika ukuta uleule.

Ushahidi huu huletwa kuunga mkono hoja ya katazo. Mimi naona unaidhoofisha. Katazo laweza kueleza kwa nini simba hayupo. Haliwezi kueleza mzabibu, kwa maana mzabibu upo pande zote mbili. Haukuitwa kujaza nafasi ya mtu. Riegl (1893) alikwisha kuonyesha kwamba nakshi ya mimea inayotambaa ina nasaba ya Kigiriki. Na mafundi wa Shamu walikuwa wakichonga zabibu makanisani kabla ya Uislamu.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la mafundi. Herzfeld (1910) alitambua ukutani mikono ya wachongaji wa nchi mbalimbali, na kweli majani ya kulia ni ya kiruwaza zaidi. Lakini tofauti ya mikono hueleza umbo la jani. Kwamba wanyama wanakoma mahali msikiti unapoanzia ni uamuzi wa aliyepanga kazi, naye huyo huyo aliuacha mzabibu usimame mbele ya mihrabu.

Kwa hiyo neno “pambo”, ambalo Kiswahili chetu cha uhakiki hulitumia kirahisi mno kwa nakshi yoyote, halitatumika katika sura zinazofuata kuhusu Mshatta.